Mtaje Huyo Mtoto

Ujiji, 3 Juni 2024

Mushiki wanje, dada yangu Leonia,

Amahoro. Natumaini goti limekupa nafuu na unaweza kushuka mtoni bila fimbo. Barua hii anakuletea Yunisi, pamoja na kilo mbili za chumvi ya Uvinza. Ukikuta imepungua, muulize yeye na abiria wenzake wa boti, mimi nimeifunga mwenyewe.

Nina habari ya kukuchekesha. Nimeingia Fesibuku.

Unajua nilivyokataa. Miaka kumi nimewaambia watu kwamba mwenye jambo na mimi anajua nyumba yangu ilipo. Lakini Mwalimu Mwinshehe, tuliyestaafu naye mwaka mmoja, alinishika mkono sokoni Mwanga kama mtu anayempeleka mgonjwa kwa mganga, akanikalisha kwa fundi simu. "Bonifasi," akasema, "mji huu mmebaki wawili tu msio na simu ya kupangusa, wewe na lile jiwe la makumbusho." Fundi akacheka mpaka akadondosha bisibisi. Nikainunua kwa hasira.

Mwinshehe mwenyewe hutuma picha za maua na salamu za Ijumaa, basi. Mimi nilikaa wiki mbili nikisoma tu, kama mgeni anayekaa karibu na mlango. Halafu nikaona kuna kundi la watu wetu, waliovuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili. Wako Mishamo, wako Katumba, wako Kanada na Australia. Wanaandika Kiswahili kibovu na Kirundi kibovu zaidi, lakini wanaandika vitu ambavyo nilidhani nimebaki navyo peke yangu: harufu ya mawese yakichemshwa, wimbo wa kufukuza ndege kwenye mtama.

Basi na mimi nikaandika. Unakumbuka Baba alinitembeza mipaka mara tatu. Wewe hukutembezwa, msichana hakutembezwa. Nikaandika kama alivyonifundisha kuikariri: kutoka kwenye umuvumu, ule mti mkubwa wa langoni, kushuka mpaka kijito, michikichi arobaini na sita, lile jabali Mama alilokuwa akianikia mihogo, na upande wa kusini, hatua themanini kutoka mlangoni kwetu, nyumba ya mzee Benedict. Nikaweka jina la Baba, Martini, na jina la kilima. Sikuongeza hata hatua moja.

Leonia, watu mia nne na kumi na wawili wamebonyeza dole gumba. Mmoja ameandika kwamba amelia akiwa kazini. Nimefundisha miaka thelathini na sita na hakuna siku darasa zima lilinyamaza kunisikiliza hivyo. Najua ni upuuzi. Lakini asubuhi naamka, na kabla ya kunawa uso naangalia wamefika wangapi, halafu naona aibu, halafu naangalia tena.

Wengi wanauliza Baba aliishia wapi. Nimewajibu ukweli: alitupakia mtumbwini sisi na Mama, akarudi kuwafungulia mbuzi, na kwa miaka hamsini na miwili hatujui.

Nisalimie jirani yako Nehemia na nyumba yake.

Kaka yako,
Bonifasi


Kilimani kwetu, 12 Juni 2024

Kaka,

Chumvi imefika nzima. Yunisi amekasirika kwamba ulimshuku, na kwa sababu hiyo amekunywa chai yangu vikombe vitatu.

Nimesoma barua yako mara mbili. Sikuelewa jambo moja. Hao watu mia nne, uliwaalika wewe? Barua hii nimeandika jina lako juu yake na nimempa Yunisi, na Yunisi hajui kusoma. Hayo uliyoandika ya shamba, uliandika jina la nani juu?

Nakuuliza kwa sababu juzi Nehemia hakuja. Tangu Adolf wangu afariki, hakuna jioni ambayo Nehemia amepita bila kusimama hapa. Ananiletea parachichi, ananiambia kwamba Mungu aliponyima watu akili aliwapa siasa, anakwenda zake. Juzi hakuja. Jana hakuja. Leo nimemwona kwenye migomba yake, nikamwita, akaniambia mtoto wake Alphonce amempigia kutoka Bujumbura. Alphonce amesoma kwenye simu kwamba mtu wa Ujiji anahesabu michikichi yetu arobaini na sita.

Kaka, wewe ulikuwa Ujiji tulipogawana. Mimi nilikuwepo. Tuliporudi mwaka 2008 tulikuta Benedict amekufa na mwanawe Nehemia analima kote. Wazee walikaa hapa siku nne. Tulikata nusu kwa nusu. Michikichi kumi na miwili ilibaki kwangu, mingine yote iko upande wake, na nilikubali, na nilikunywa naye pombe mbele ya watu. Sina karatasi. Nina Nehemia tu. Ukisema michikichi arobaini na sita ni ya Martini, watoto wake wanasikia kwamba wale wa Ujiji wanajiandaa kurudi na kuchukua kote.

Nakuomba ulifute andiko lile. Sikuombi mambo mengi, unajua. Ningekupigia lakini mtandao wa kwenda huko tunaupata kanisani tu, kule juu, na ukizungumza pale kilima kizima kinajua.

Goti ni lilelile.

Leonia


Ujiji, 19 Juni 2024

Mushiki wanje mpendwa,

Barua yako nimeipata jana jioni. Kuhusu ombi lako usiwe na wasiwasi, nimelishughulikia.

Nilisikitika kusikia Nehemia amechukulia vibaya. Mwambie mimi ni mzee wa miaka sitini na saba, na shamba ninalotaka ni lile la futi sita tu, tena hapahapa Ujiji karibu na Mama. Nilichoandika ni kumbukumbu. Mtu anayekumbuka hadai kitu.

Umeniuliza niliandika jina la nani juu. Swali lako limenikaa kichwani. Nilimwuliza Mwinshehe, akasema, "Mwalimu, pale huandiki kwa mtu, unaandika kwa upepo." Nikamwambia upepo haubonyezi dole gumba. Akasema nimeanza kuharibika.

Labda ni kweli. Jana nilikuwa na miadi ya macho hospitali, nikaikosa kwa sababu nilikuwa namjibu mtu wa Australia aliyetaka kujua kijito chetu kilikuwa na kaa au hakikuwa nao. Kilikuwa nao, au sivyo? Wadogo, wekundu.

Hivi, unamkumbuka Polycarp? Kijana aliyekuwa na baiskeli pekee kilimani, ya rangi ya kijani. Nauliza tu.

Wako,
Bonifasi


Kilimani, 1 Julai 2024

Kaka Bonifasi,

Alphonce amekuja kutoka Bujumbura. Amekuja na gari na wenzake wawili. Njia yangu ya kwenda mtoni inapita nyuma ya nyumba ya Nehemia, unaijua, ndiyo ileile ya zamani. Jumamosi asubuhi nilikuta imezibwa kwa matawi ya miiba. Nikarudi na ndoo tupu. Sasa napita kwa juu, kwenye korongo, na goti hili.

Jumapili baada ya misa alisimama uani kwao, watu wakiwepo, akaniita. Nilikwenda. Sikumwogopa, nimempikia huyo Alphonce likizo zake zote. Akatoa simu akasoma. Nakuandikia alivyosoma, maana nilimwomba arudie, na alirudia kwa furaha.

Polycarp ameandika: "Mzee Martini hakufia ziwani. Alikatiwa njia na wanajeshi, akafichwa siku tatu kwenye migomba ya Benedict. Wanajeshi walikuwa wanapita tu. Kuna mtoto wa pale aliyewaonyesha."

Na chini yake, Bonifasi, wewe: "Mtoto yupi? Mtaje huyo mtoto."

Alphonce alisoma na tarehe. Tarehe ishirini na tatu Juni, saa tatu asubuhi. Barua yako ya kuniambia umelishughulikia uliiandika tarehe kumi na tisa.

Sitaki maelezo marefu. Nataka unijibu jambo moja, umelifuta au hukulifuta?

Leonia


Ujiji, 8 Julai 2024

Leonia,

Sikulifuta. Nimelifuta juzi, tarehe sita, saa ileile Yunisi aliponipa barua yako. Nilipokuandikia kwamba nimelishughulikia, nilikuwa sijagusa kitu.

Nitakueleza, si kwa kujitetea. Barua yako ya kwanza ilipofika nilikwenda kwa Mwinshehe anionyeshe namna ya kufuta. Tulipofungua simu tukakuta mtu ameandika maneno mawili: "Nilimjua Martini." Alikuwa Polycarp, yule wa baiskeli, sasa yuko Kanada. Mwinshehe akaniambia ukifuta andiko, na maneno ya watu yaliyo chini yake yanafutika yote. Nikamwambia basi tusubiri kidogo.

Nilimwandikia Polycarp faraghani. Hakujibu, nadhani hajui kwamba kuna mlango wa faragha. Alijibu palepale hadharani, kidogo kidogo, sentensi moja leo, nyingine baada ya siku mbili. Alitaja koti la Baba lililokuwa na kiraka begani. Leonia, kile kiraka nilikuwa nimekisahau. Ningewezaje kufuta? Kila siku nilijiambia kesho. Nilikuwa kama mtu anayechota maji kwa kijiko huku nyumba ya jirani inaungua, tofauti ni kwamba nyumba ilikuwa yako.

Na alipoandika kuhusu mtoto, vidole vyangu viliandika kabla sijafikiri. Ningekuwa natumia kalamu, ningefika kwenye "mtaje" nikasimama. Nilikuwa nimefika mwisho kabla ya kusimama.

Polycarp hakunijibu tena. Labda aliona nilivyouliza akaogopa. Sasa maneno yake yote yamefutika pamoja na yangu, na simpati.

Lililo baya zaidi ni kwamba kufuta hakukusaidia. Watu walikuwa wamepiga picha kurasa nzima na kuzipeleka kwingine. Niliandika kuwaomba waache, kwamba kule kuna watu wanaoishi kwa amani. Wakaongezeka. Mmoja ananiuliza nimenunuliwa kwa shilingi ngapi. Mwingine, ambaye jina lake halisi silijui na wala kilima chetu hakijui, ameapa kwamba haki ya Martini itapatikana kwa njia yoyote. Amepata madole gumba mengi kuliko niliyowahi kupata mimi. Mwinshehe alitazama, akaniambia, "Umefuta ubao, Mwalimu, lakini wanafunzi wameshanakili." Kwa mara ya kwanza hakucheka.

Nimefunga akaunti. Nimeiweka simu kabatini.

Nina swali, na naogopa jibu lake. Wakati ule Benedict alikuwa na watoto wangapi? Mimi namkumbuka mmoja tu. Niambie kwamba sikumbuki vizuri.

Bonifasi


Kilimani, 17 Julai 2024

Kaka,

Unakumbuka vizuri. Alikuwa mmoja.

Nitakuandikia mara moja tu, kisha barua hii uichome. Tulipomaliza kugawana ardhi na wazee wakaondoka, Nehemia alirudi peke yake jioni ileile na mtungi wa pombe na mirija miwili. Adolf alikuwa amelala. Nehemia hakunywa. Aliniambia, "Leonia, leo umekunywa na mimi bila kujua unakunywa na nani."

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Benedict alimficha Baba kweli, na siku hizo kumficha mtu ilikuwa kuweka nyumba yako yote rehani. Siku ya tatu Benedict alikuwa mbali, amekwenda kutafuta mtumbwi wa kumvusha. Wanajeshi wakapita njiani wakamkuta mtoto anachunga mbuzi wawili. Walikuwa mbuzi wetu, kaka, wale Baba aliorudi kuwafungulia. Mmoja wao akamwuliza kwa upole, mwenye mbuzi hawa yuko wapi. Akampa biskuti. Mtoto akanyoosha kidole.

Nehemia aliniambia hivi, na hivi ndivyo ninavyomsikia mpaka leo: "Hakunipiga, Leonia. Laiti angenipiga."

Alinionyesha mahali. Benedict alimzika usiku ule, palepale kwenye migomba. Mpaka tulioukata na wazee ulikuwa umepita upande wa juu wa kaburi, likabaki kwake, lakini Nehemia aliniambia nipalilie nitakavyo, na hajawahi kupanda kitu pale. Nimepalilia kaburi la Baba miaka kumi na sita. Najua utanichukia kwa hilo. Aliniomba jambo moja, kwamba watoto wake wasijue. Nikamwahidi. Kukuambia wewe ilikuwa kuvunja ahadi, maana wewe, Bonifasi, tangu utoto hujawahi kukaa na jambo bila kuliandika mahali.

Ndiyo amani uliyoikuta hapa kila ulipokuja kunitembelea. Ile ya wazee ilikuwa ya michikichi. Hii ilikuwa yetu wawili.

Sasa watoto wamejua. Hakuna aliyehitaji kutajiwa jina, kila mtu hapa anajua Benedict alikuwa na mtoto mmoja. Alphonce alimwuliza baba yake mbele ya mke wake na wajukuu. Nehemia aliingia ndani. Na wote wamejiuliza jambo moja, kwamba wa Ujiji amejuaje, na wamepata jibu moja.

Alikuja juzi, kwa nyuma, kupitia ile miiba. Ameshachakaa ghafla. Aliniuliza maneno mawili: "Ni wewe?" Nikamwambia si mimi. Nikamwambia kuna mzee wa Kanada, nikamwambia habari za baiskeli ya kijani. Alinisikiliza mpaka mwisho kama mtu anavyomsikiliza mtoto anayedanganya, akaondoka.

Kuzibiwa njia naweza kuvumilia. Hili la Nehemia sijui nitalifanyaje.

Leonia


Ujiji, 24 Julai 2024

Mushiki wanje,

Nimeichoma barua yako kama ulivyosema. Nilisoma mara nyingi kwanza.

Nitasema kweli kwa kuwa uongo umetufikisha hapa. Nilipofika kwenye kaburi nilikukasirikia. Nilitembea kutoka nyumbani mpaka ufukweni Ujiji na kurudi, nikisema peke yangu njiani hata watu wakanipisha. Miaka kumi na sita! Nimekuja kwako mara tano, nimekaa kwenye ile migomba nikila parachichi, na wewe umenitazama. Kila mwaka nimemlipia Baba misa ya mtu aliyepotea ziwani.

Halafu nikafika mlangoni hasira ikaisha, kwa sababu nilikumbuka kwamba ulichokificha wewe kililinda watu, na nilichokificha mimi kilinilinda mimi na madole gumba yangu. Nisamehe. Sijui kama neno hili lina kazi yoyote sasa.

Nimeandika barua ya Nehemia, iko ndani ya bahasha hii. Nimeapa kwa jina la Mama kwamba hukuniambia kitu. Nimemweleza kila kitu cha Polycarp, tarehe kwa tarehe. Nimemwambia pia kwamba alikuwa mtoto, na kwamba mimi, mtoto wa Martini, simdai neno. Ndiyo barua ngumu kuliko zote nilizowahi kuandika, na nadhani ndiyo nzuri. Mpe mkononi.

Vilevile, nimekwenda Kibirizi kuulizia boti ya Kagunga. Nitakuja. Miguu imevimba lakini ninaweza kukaa botini. Kutoka Kagunga nitapata pikipiki. Nitasimama mbele ya Nehemia na Alphonce na kilima kizima niseme kwa mdomo wangu kwamba kosa ni langu. Nijibu upesi nijue siku.

Kaka yako,
Bonifasi


Kilimani, 2 Agosti 2024

Kaka,

Usije.

Ukionekana tu unashuka kwenye pikipiki, watasema umekuja kuhesabu miti. Alphonce ameshaleta mtu wa kupima na kamba nyekundu. Nikiwa peke yangu ni mjane mzee mwenye goti bovu. Ukiwepo wewe, wa Ujiji, wa kwenye simu, ninakuwa upande mmoja wa ugomvi.

Barua ya Nehemia nakurudishia. Ni nzuri, nililia. Lakini ulisahau kwamba Nehemia hajui kusoma. Alichunga mbuzi, hakwenda shule. Katika ua ule wanaosoma ni Alphonce na mke wake. Nikimpa, atasomewa na Alphonce, hadharani, maneno yako ya kumwambia "ulikuwa mtoto", na hapo litakuwa limethibitishwa kwa mkono wa mtoto wa Martini. Nikafikiri nimsomee mimi mwenyewe. Nikacheka peke yangu jikoni. Shahidi wa kwamba sikusema, awe mimi.

Katika wale wazee wanne waliotugawia wamebaki wawili. Mmoja hasikii. Mwingine ameniambia, "Mama Esther, sisi tuliamua habari za shamba, hizi nyingine hatukuambiwa." Ana haki. Hatukuwaambia.

Alphonce amenipa mpaka kiangazi kiishe niwe nimehama. Hakunitukana. Alisema, "Shangazi, mzee wetu halali, hawezi kuendelea kuona mlango wako kila asubuhi." Kwa hilo hakukosea. Na mimi nauona wake.

Nehemia haonekani. Wajukuu wake wakinikuta njiani wanakimbia, si kwa kunichukia, nadhani wameambiwa nina maneno.

Usiandike mpaka nikuandikie mimi. Yunisi akionekana hapa mara kwa mara na bahasha, watu wanahesabu.

Macho yako uliyatibu? Nenda hospitali.

Leonia


Ujiji, 27 Oktoba 2024

Leonia,

Uliniambia nisiandike, na kwa wiki kumi na mbili sikuandika. Mvua zimeanza hapa. Kiangazi kimekwisha na hujaniandikia.

Jumanne nilimwomba Yunisi asibebe kitu, aulize tu. Amerudi leo. Kilimani hakupanda, aliogopa, nami sikumlaumu. Aliwauliza wanawake wa kwenu waliokuja sokoni Kagunga kuuza mawese. Wa kwanza alimwambia umekwenda kwa mwanao Esther, Makamba. Wa pili alisema si Makamba, umepanda gari la Bujumbura na sanduku moja. Wa tatu, mzee, alisema hujaenda popote, uko ndani, hufungui. Na wote watatu walikubaliana jambo moja, kwamba Nehemia amezikwa mwezi wa tisa. Hakuumwa, walisema. Aliacha kula.

Sijui kama aliwahi kukuamini. Sijui kama ulikwenda kumzika, na kama ulikwenda, walikuachia nafasi gani.

Simu yako haipatikani. Namba ya Esther niliyo nayo anaipokea mwanamume anayesema nimekosea namba. Mapadre wa Makamba niliwaandikia, bado sijajibiwa. Mwinshehe alijitolea aje huko yeye, "Mimi nani atanishuku, na kofia yangu hii?" Presha yake ilipanda walipokuwa bado wanapakia mizigo Kibirizi, tukamrudisha nyumbani.

Kwa hiyo leo mchana nimeitoa simu kabatini.

Nimefungua akaunti upya. Kundi letu limekuwa kubwa, watu elfu tisa sasa. Wapo wa Makamba, wapo wa Bujumbura, mmoja anauza vocha karibu kabisa na kanisa lenu. Wiki iliyopita walimtafuta mama aliyepotea njiani kutoka Mishamo, akapatikana kabla ya jua kuzama, na picha yake akiwa amekaa kwenye kiti cha mtu anakunywa soda. Kwa hiyo najua inawezekana. Wakitaka, watakupata kabla sijamaliza uji wangu wa jioni.

Nikaandika: "Namtafuta dada yangu Leonia, miaka sitini na mmoja, mjane wa Adolf, wa kilima chetu juu ya Nyanza-Lac. Anachechemea mguu wa kulia." Simu ikaniuliza kama nataka kuweka picha. Ninayo ile uliyopiga siku ya ubatizo wa mjukuu wako.

Nikasoma nilichoandika kama atakavyosoma yule aliyeapa kuhusu haki ya Martini. Kisha nikasoma kama Alphonce, aliyemzika baba yake mwezi uliopita. Kama umekimbilia mahali ambapo hakuna anayekujua, mimi ndiye ningekuwa nawaelekeza watu elfu tisa mlangoni pako. Nikafuta jina la kilima. Nikafuta jina la Adolf. Goti lako nalo nikalifuta, maana kwa goti hilo mtu atakutambua sokoni. Nikafuta miaka, nikafuta jina lako.

Limebaki neno moja, "Namtafuta". Nimelitazama tangu saa tisa. Nikilituma hivi halina maana kwa mtu yeyote, na nikiliongezea kitu litakuwa na maana kwa kila mtu.

Yunisi anasema haibebi barua hii mpaka nimwambie anampelekea nani, na wapi. Nimemwambia aketi kwanza anywe chai.

Simu inaniuliza kama niyahifadhi niliyoandika au niyatupe. Imeuliza, imezimika mwanga, nimeigusa, imeuliza tena. Bado sijaijibu.

Kaka yako,
Bonifasi